Fimbo ya Mama Hapana

Sogeeni, wanangu, na huyo anayelia mlangoni anyamaze kwanza, mimi bado nipo, na hii sauti iliyobaki sitaki ishindane na kilio. Nyumba ni ya mama yenu. Karakana ni yenu wote watatu, na vifaa vya kusukia koili achukue kitindamimba, maana ana mikono mitulivu. Kinachoninyima usingizi ni lile pipa la mafuta ya transfoma kule nyuma, ambalo wewe mkubwa umeshalitafutia mnunuzi. Unashtuka nini? Naumwa mapafu, siumwi masikio.

Kule kiwanda cha transfoma nilikofanya kazi, stoo ilishikwa na mama mmoja mfupi tuliyemwita Mama Hapana. Unataka glavu mpya na hujarudisha zilizochanika? Hapana. Unaingia na mkate mfukoni? Hapana. Kila jioni alitumbukiza fimbo katika kila pipa apime mafuta yaliyobaki, nasi tukimcheka. Tulijiona vidume bwana, mafuta yale tulinawia mikono, tulijichulia magoti, na mimi baba yenu nikajaza dumu, nikamletea mama yenu, nikamwambia haya hayaungui haraka, kaangia. Laiti ningekatika ulimi siku ile!

Fimbo ikamwambia mafuta yamepungua, akanifuata mpaka hapa kwa miguu, hodi yake hata hakungoja iitikiwe. Sufuria iko motoni, na wewe mkubwa umekaa na sahani yako unangoja. Akaiepua kwa pindo la gauni, akasema, "Dada, haya ni sumu, yakiingia mwilini hayatoki. Mtoto asionje." Kisha akaenda kuniripoti. Nilisimamishwa kazi miezi mitatu, nikamnunia miaka kumi na moja. Mtu kaniokolea mwanangu, na mimi salamu yake siitikii! Aibu hiyo naondoka nayo.

Kiwanda kilipofungwa, wakubwa waliondoka wakaacha transfoma kuukuu uani, zinavuja. Nani alibaki? Yeye, bila mshahara. Alivaa glavu ndefu, akahamisha mafuta polepole kwenye mapipa mazima, akayafunga, akayapanga juu ya sinia za chuma chini ya paa, hata matambara ya kupangusia akayawekea pipa lao, akawasumbua watu wa taka za sumu mpaka wakaja kuchukua. Nimeona mainjinia wengi, wanangu, lakini fundi ni yule mama.

Mafuta ya pipa letu yalitoka kwenye transfoma moja ya zamani niliyoifungua hapa. Nilimwendea kichwa chini. Hakunikumbusha lolote. Alikuja, akapima, akachora mstari mwekundu kwenye fimbo yake, akaniachia. "Mafuta yakishuka chini ya mstari huu," akasema, "utaniambia yamekwenda wapi." Na sasa hayupo wa kuambiwa, tulimzika mwaka jana, na ahsante sikuwahi kumpa.

Kwa hiyo msiyamwage, ardhi itayanywa na kisima pia. Msiyachome, moshi wake ni mbaya zaidi. Msiyachanganye na mafuta mengine. Karatasi ya wale wa taka za sumu iko kwenye droo, wapigieni. Na huyo mnunuzi, mwanangu, anasema eti ni ya kulainisha mashine... mbona nasikia anataka ajaziwe vidumu vya mafuta ya kupikia? Mashine gani hiyo? Kuna mtoto mahali fulani ana sahani yake, anangoja.

Binti yangu, fimbo ichukue wewe. Tangu mdogo ukikataa umekataa, nilikuwa nakugombeza, nisamehe. Pima kila jioni mpaka siku watakayolichukua pipa.

Nipeni maji... Basi, inatosha. Mungu awaweke pamoja, awape mikono safi na... na chakula kisicho na shaka.

Mkubwa, njoo. Mnunuzi anakuja kesho. Utamwambiaje? Usitikise kichwa, baba, sioni tena. Sema.

Kwa nguvu.

Ehee. Hivyo hivyo alivyokuwa akisema Mama Hapana.