Sare ya Asiyezaliwa

Kinyozi alijifanya amelala, lakini masikio yake yalikuwa yameshahamia kiti cha mbele. Hapo fundi cherehani wa makamo, sindano mkononi na treni ikiyumba, alikuwa akimuuliza mwalimu mstaafu aliyekaa naye, "Mwalimu, 'preposterous' ni tusi?"

"Kakwambia nani?"

"Daktari, leo asubuhi kwa simu. Binti yangu yuko chumba cha kujifungulia, nami nikamwambia namshonea mjukuu sare ya shule."

Mwalimu akakohoa, akalitaja neno herufi moja moja, ingawa hakuna aliyemwomba. "Si tusi, mama. Asili yake Kilatini: cha nyuma kimetangulizwa mbele. Yaani jambo lisilo na akili. Hata wahenga walisema, usikate kanzu kabla mwana hajazaliwa."

"Wajukuu wawili wa kwanza niliwasubiri, mwalimu. Sikukata hata kitambaa. Wako wapi?"

Mwalimu akageukia dirisha. Kinyozi akasahau kukoroma.

Treni ilipoanza kupunguza mwendo, simu ya fundi ikaita mkobani, ikanyamaza, ikaita tena.

"Pokea, mama!" mwalimu akasema.

"Niache kwanza nimalize kifungo hiki," akajibu fundi, na treni ikasimama.