Mama Sawasawa, Mhandisi wa Zamu

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia naomba utulivu wenu tumuage kwa mara ya mwisho dada yangu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Mama Sawasawa.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1970 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya karakana ya reli, akasoma shule ya msingi ng'ambo ya reli hiyohiyo, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1994 akahitimu uhandisi wa umeme, akaajiriwa na shirika la umeme. Mwaka 1997 alifunga ndoa na seremala aliyekuja kutengeneza milango ya ofisi yao, milango ambayo, kwa maelezo ya wenzake, ilichukua muda mrefu ajabu kukamilika, wakajaliwa binti, ambaye leo ni muuguzi, na wadogo zake wawili wa kiume.

Mwaka 2014 alihamishiwa kituo kipya cha kubadilishia umeme unaosafirishwa mbali, chenye ukumbi wa mamia ya moduli, yaani vipande vya mtambo vinavyofanya kazi pamoja, kila moja na swichi zake na kapasita yake ya kutunza chaji, na moduli zote sharti zilingane chaji, zilizopungukiwa zipewe, zilizojaa zitoe. Za mwanzo wa safu zikawa zinaungua mara kwa mara, mafundi wakalaumu kiwanda, yeye akaganda kwenye kompyuta hadi akagundua kwamba kila vipimo vilipolingana, programu inayozipangia kazi ilianza kuchagua kutoka namba moja, hivyo kazi ya ziada ikaziangukia zilezile. Akairekebisha ili zipokezane, na tangu hapo kila asubuhi aliingia chumba cha udhibiti akiuliza kama ziko sawasawa.

Agosti 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, na sisi familia tukafanya kosa lilelile, kila jambo tukampigia binti yake, kwa kuwa ni muuguzi na hajui kusema hapana, mpaka siku moja akasinzia wima, ameshika chupa ya dripu. Marehemu akatuita, akasema tunaanza na namba moja kila mara, ataungua huyu, na kuanzia hapo akapanga zamu mwenyewe kutoka kitandani, akimuuliza kila mmoja amelala vipi, na shemeji yangu alipodanganya alirudishwa nyumbani kama mtoto.

Tarehe 9 Mei 2024, mchana, alimtuma binti yake akalale, binti akagoma, akanuna, mwishowe akaenda, na alasiri mama yake akakata roho, mkono wake ukiwa mkononi mwa kitinda mimba wake. Mpwa wangu, tangu siku ile huli, unasema hukuwepo. Jua kwamba tulitaka kukuita, simu tulishaishika, mama yako akatuzuia, akasema, mwacheni alale, nimemtuma mimi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile, majirani waliotupikia bila kuombwa, na wafanyakazi wenzake waliopokezana kuja hapa ili kituo kisibaki bila mtu.

Dada, wenzako wamethibitisha asubuhi hii kwamba kituoni ziko sawasawa, huku nyumbani tutajitahidi, pumzika kwa amani.