Bi. Odeta Kokushubila na Karatasi ya Tarehe Tisa Agosti

Ifikapo tarehe 30 Juni 1998, Bi. Odeta Kokushubila atakuwa ametimiza miaka thelathini na miwili na miezi miwili katika Idara ya Maghala ya Pamba, Ofisi ya Kanda, Mwanza. Sehemu kubwa ya miaka hiyo ameitumia katika chumba kimoja, kile cha mwisho upande wa kushoto, chenye dirisha linalotazama reli na kipande kidogo cha ziwa. Wamepita Wakuu tisa wa Kanda. Meza yake imebadilishwa mara moja tu, nayo ni kwa sababu ya mchwa.

Kamati ya maandalizi ya kumuaga imeniomba mimi, Renatus Maige wa masijala, niandike wasifu huu kwa kuwa nimekaa naye ukuta kwa ukuta kwa miaka kumi na tisa. Wamesema uwe mfupi na uchangamke. Nitajitahidi kwa hilo la pili, pale itakapowezekana.

Bi. Odeta alizaliwa Juni 1943 huko Kamachumu, mkoani Kagera, katika familia ya wakulima wa kahawa na migomba. Alisoma kwa masista, akajifunza kupiga chapa, na mwishoni mwa Aprili 1966 akavuka ziwa kwa meli akiwa na sanduku la bati na barua ya ajira. Alianza kama mpiga chapa. Mwaka 1974 akahamishiwa sehemu ya utumishi, kwenye dawati la likizo, matibabu na ulemavu, na hapo ndipo sisi wengine tulipomkuta. Vijana wa ghalani walimwita Mama Likizo.

Likizo zina vituko vyake. Dereva wetu mmoja aliwahi kuomba siku saba za kumuuguza mkewe. Kesho yake mke mwenyewe akafika ofisini, mzima wa afya, akimtafuta mumewe. Bi. Odeta alimkaribisha kiti, akamwagizia chai, hakumwambia lolote. Kisha akaandika kwenye fomu ya dereva: "Mgonjwa amefika ofisini kwa miguu yake. Tunampongeza kwa kupona. Likizo imesitishwa." Dereva alirudi kazini siku hiyo hiyo na hakuomba ruhusa tena mwaka mzima.

Na kila Novemba palikuwa na senene, wale panzi wa kukaanga wa kwao Kagera. Mimi Msukuma niliyekuzwa kwa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, niliwakataa miaka miwili mfululizo. Mwaka wa tatu nilianza kuwaulizia tangu Oktoba.

Lakini siwezi kuandika habari zake nikaishia kwenye senene. Liko jambo la Masele Ndalahwa. Nilimwomba ruhusa kabla ya kuliandika, akanijibu, "Ukiliacha hilo, Renatus, utakuwa umeandika habari za mtu mwingine."

Masele alikuwa fundi wa mashine ya kufunga marobota katika ghala letu la kando ya ziwa. Agosti 1993 alipewa likizo ya siku ishirini na nane. Tarehe 11 ya mwezi huo huo, akiwa ghalani, mnyororo wa mashine ulimvuta mkono wa kulia. Alibaki na kidole gumba tu.

Fomu ya madai ya ulemavu ikaenda Makao Makuu, Dar es Salaam. Ikakaa miezi minne. Februari 1994 likaja swali moja: siku ya ajali mtumishi alikuwa kazini au likizoni? Bi. Odeta akafungua faili. Ndani yake mlikuwa na ombi la likizo lililoidhinishwa, na baada ya hapo hapakuwa na kitu. Akaandaa jibu la mstari mmoja na Mkuu akatia sahihi: kwa mujibu wa kumbukumbu zetu, mtumishi alikuwa likizoni. Madai yakakataliwa. Masele alisema aliitwa kazini na msimamizi wake. Lakini neno la mdomo halina namba ya faili, na mitaani watu wakaanza kueleza wenyewe kilichompeleka ghalani siku ile. Wengi walisema ni pombe.

Mwaka huo pamba ikafunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi. Wakaja na malori yao na mizani yao, maghala yetu yakaanza kutoa mwangwi. Mwaka 1995 ikatoka orodha ya kwanza ya kupunguzwa kazi. Masele alikuwemo. Msimamizi wake, Mhoja, naye alikuwemo, akarudi kwao Misungwi kulima.

Tangu madai yale yakataliwe, Selina, mke wa Masele, alikuwa akitoka Igoma kuja kwa Bi. Odeta kila Jumanne ya kwanza ya mwezi. Mazungumzo yao niliyasikia ukutani hadi nikayajua kwa moyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Selina. Karibu kiti."

"Suala la mzee wangu limefikia wapi?"

"Tumeandika tena. Linashughulikiwa."

Na kweli tulikuwa tukiandika tena, barua zile zile zenye mstari ule ule. Selina alikuwa akishukuru na kuondoka. Septemba 1996 alikuja, akaonyeshwa kiti, akabaki amesimama.

"Leo sikai, mama. Naomba uniambie hilo 'linashughulikiwa'. Nani anayelishughulikia? Nitajie jina lake nimwendee."

Bi. Odeta aliniambia baadaye kwamba alitafuta jina kichwani na akalipata moja tu, lake mwenyewe.

Alichukua karatasi, akamwomba Selina aeleze upya tangu mwanzo, na safari hii akaandika. Nani alikuja kumwita Masele? Mhoja, kwa baiskeli. Siku gani? Jumatatu, jioni. Maneno hayo tulikuwa tumeyasikia mara nyingi. Hakuna aliyekuwa ameyafuatilia.

Jumamosi akapanda basi kwenda Misungwi kwa nauli yake. Alimkuta Mhoja shambani, akitengeneza matuta ya viazi. Mhoja alishangaa kuulizwa.

"Lakini mama, mimi niliandika. Siku ile ile, kabla sijamfuata nyumbani, nilikuletea karatasi kwa mkono wa dereva. Na dereva alirudi na kitabu cha barua kikiwa na sahihi yako."

"Sahihi yangu mimi?"

"Yako, mama. Ile yenye mkia."

Jumatatu tulikwenda ghalani wote wawili. Kitabu cha barua kilikuwa stoo, chini ya magunia mabovu, panya wamekula pembe moja. Tarehe 9 Agosti 1993, mstari wa tatu: "Utumishi, karatasi moja." Pembeni yake ilikuwapo sahihi yenye K ya mkia mrefu. Bi. Odeta aliitazama, akavua miwani, akaifuta kwa kanga yake, akaitazama tena.

Kwa wiki mbili tulipekua mafaili, yeye kwenye kabati zake na mimi kwenye zangu. Mimi ndiye niliyeiona. Ilikuwa ndani ya faili la Masele Ngassa, mlinzi, kati ya ombi la mabuti na ombi la tochi. Kipande cha karatasi: "Mtumishi Masele arejee kazini kuanzia kesho, kazi imezidi. Likizo yake ataimalizia baadaye. Mhoja, Msimamizi." Hakuandika jina la pili la mtumishi. Juu yake palikuwa na muhuri wetu wa kupokelea, na namba ya ukurasa kwa mwandiko wa Bi. Odeta.

Sasa ninaandika lililo langu. Nilifunga mlango, nikamwambia, "Mama, tunaitoa hapa, tunaiweka kule kwenye faili la Ndalahwa. Namba tutairekebisha. Nani atajua?" Nikamkumbusha kwamba orodha ya pili ya kupunguzwa ilikuwa inaandaliwa, na kwamba jina lake lilikuwa limependekezwa kupandishwa cheo, cheo ambacho kingeamua pensheni yake.

Alinijibu bila hasira. "Wakiona namba imefutwa watasema tumeghushi, na Masele atakataliwa mara ya pili." Kisha akaongeza, "Na wewe utajua, Renatus. Utakaa hapo ukutani kila siku, ukijua."

Siku hiyo hiyo aliandika dokezo kwenye faili. Lilipita mikononi mwangu, kwa hiyo ninalikumbuka: "Karatasi hii niliipokea mimi tarehe 9 Agosti 1993 nikaiweka katika faili lisilo lake. Jibu letu la Februari 1994 halikuwa sahihi. Mtumishi alikuwa kazini kwa amri. Kuchelewa huku si kosa lake wala la msimamizi wake. Ni kosa langu." Mkuu wa wakati ule, mtu mwema, alimwita akamshauri alainishe lile neno la mwisho, aseme karatasi "ilipotea kwa bahati mbaya". Alishukuru kwa ushauri, dokezo likabaki lilivyo.

Kisha akaniomba nimsindikize Igoma.

Masele alikuwa nje ya nyumba yake akitengeneza baiskeli ya mteja, ringi ameibana kwa nyayo, spana ameishika kwa mkono wa kushoto. Selina alitoa viti viwili. Bi. Odeta hakukaa. Alieleza yote akiwa amesimama, kwa sentensi fupi, hakutaja wingi wa kazi wala kufanana kwa majina.

"Nimekuja mlisikie kwangu," alimaliza, "kabla hamjalisoma kwenye barua."

Masele aliendelea kukaza spoku. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Watu walisema nililewa. Mama yangu alikufa mwaka jana akiamini hivyo."

Selina naye alikuwa na lake. "Mimi nilikuwa nikirudi hapa kila mwezi namwambia, yule mama ana huruma, ananipa kiti."

Bi. Odeta alisema, "Poleni." Tulikuwa tumeshafika barabarani Masele alipotuita.

"Hiyo karatasi, naweza kuiona?"

Bi. Odeta alikuwa amemletea fotokopi. Masele alifuta mkono kwenye suruali, akaipokea, akaisoma kimya. Halafu akamwita jirani yake, fundi viatu, akamwambia aisome kwa sauti. Jirani akaisoma. Masele akamwita na mama muuza nyanya wa upande wa pili, jirani akaisoma tena. Tuliondoka watu wakiendelea kuja.

Haikuishia hapo. Makao Makuu walitaka bodi ya madaktari, na bodi ilipokaa mara ya kwanza faili lilikuwa bado njiani. Ikabidi ikae mara ya pili. Bi. Odeta aliandika barua kumi na moja na kupiga simu nisizoweza kuzihesabu. Juni 1997 madai yalikubaliwa, na kule kupunguzwa kwa Masele kukafutwa, akahesabiwa kuwa amestaafu kwa ulemavu alioupata kazini, kama ilivyopaswa tangu mwanzo. Leo ana karakana ya baiskeli palepale Igoma. Sitadanganya kwamba yeye na Bi. Odeta wamekuwa marafiki. Wakikutana sokoni wanaamkiana, na Selina huuliza hali ya nyumbani.

Bi. Odeta alipewa onyo la maandishi. Cheo hakikupanda, na anastaafu nacho kile kile cha mwaka 1986. Onyo lile alilipokea kwa mikono miwili, akaligonga muhuri, akaandika namba ya ukurasa na kuniletea, akisema, "Liweke kwenye faili langu, Renatus. Langu kweli, soma majina yote mawili." Hapo tulicheka, wote wawili, kwa mara ya kwanza tangu Septemba ile.

Alichotuachia kinaonekana. Tangu 1997 ofisi hii ina daftari la watumishi wanaoitwa kazini wakiwa likizoni, na mtumishi mwenyewe anatia sahihi. Hakuna karatasi inayopokelewa bila majina mawili na namba ya ajira. Na lile neno "linashughulikiwa" halitumiki tena upande wetu wa jengo. Anayekuja kuuliza anaandikiwa kwenye kipande cha karatasi faili lake liko kwa nani, lilikwenda tarehe ngapi, na arudi lini. Mara nyingi jibu lenyewe ni baya. Lakini watu wanaondoka nalo mfukoni, wanajua nani wa kumbana.

Wiki iliyopita alinikabidhi orodha ya madai ambayo hayajaisha. Ni kumi na manne. Yupo mjane wa dereva wetu mmoja, yuko karani aliyepooza upande mmoja, wapo wawili wanaosubiri malipo ya likizo za uzazi zilizobishaniwa hadi watoto wameanza kutembea. Mbele ya kila jina ameandika hatua inayofuata na siku yake. Juu ya orodha, kwa mwandiko wa mkono, kuna mstari mmoja: "Watu hawa wasigundue kwamba nimeondoka."

Bi. Odeta, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako tunakushukuru kwa miaka yote, pamoja na ile iliyokuwa migumu. Tunakuombea afya njema, usingizi mzito, na migomba isiyougua huko Kamachumu. Uende salama, mama, upumzike. Mjane wa dereva anakuja Jumanne, saa tatu asubuhi, na mimi nitakuwepo.