Mama Kiema na Kanda Zenye Watu

Wasifu wa marehemu Nthoki Wathome Munyoki (1958–2025), unaosomwa na dada yake mdogo, Kaluki

Mchungaji, wazee, watu wa Umoja mliotoka alfajiri na watu wa Kangundo mliotupokea. Kamati ya mazishi iliniambia wasifu huu utoshee ukurasa mmoja wa kitabu cha ratiba. Nimejaribu, nikashindwa. Mniwie radhi, dada yangu hakuwa mtu wa ukurasa mmoja.

Marehemu Nthoki alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958 katika mtaa wa Shauri Moyo, Nairobi. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Wathome, mchonga vinyago, na marehemu Mama Mutheu. Watoto watano tulilala chumba kimoja, na upande wa pili wa pazia baba aligonga patasi yake mpaka taa izimwe. Majirani walitusikia tukigombana, na sisi tuliwasikia wakiomba.

Alianza masomo mwaka 1965 katika shule ya msingi iliyokuwa karibu na nyumbani, kisha akajiunga na sekondari ya wasichana huko Machakos, akafanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 1975. Alifaulu vizuri. Mwalimu wake wa hesabu aliandika kwenye ripoti kwamba ana akili lakini anapiga dawati kwa vidole na kuwasumbua wenzake. Mama alimkanya. Hakuacha. Mwaka uliofuata alisomea ukarani na kupiga taipu mjini Nairobi.

Tarehe 2 Mei 1977 aliajiriwa kuwa karani katika maktaba ya muziki ya kituo kimoja cha redio hapo mjini, na hapo ndipo alipofanya kazi mpaka alipostaafu Agosti 2013. Alipokea santuri na kanda, alizipanga, na zilizochakaa alizisikiliza ili aseme kama bado zinafaa kwenda hewani. Katika kusikiliza huko alikutana na mpiga saksafoni mmoja wa Marekani, bingwa wa jazi ile ya mbio inayoitwa bebop, aliyefariki kabla dada hajazaliwa. Jina lake lilimshinda shemeji, mumewe, kulitamka, basi nyumbani tukamwita Mpangaji, kwa kuwa alikaa kwa Nthoki zaidi ya miaka thelathini bila kulipa kodi. Shemeji alikuwa akituambia, "Mke wangu ana mwanamume mwingine humu ndani. Nashukuru tu kwamba hali chakula."

Msidhani alipenda kila kitu cha huyo Mpangaji. Kanda za studio alizikataa kabisa. Alitaka zile zilizonaswa ukumbini, mbele ya watu, hata kama zilikwaruza. "Studioni anapigia mashine," aliniambia, "hapa anapigia watu." Kwa ruhusa ya mkubwa wake alizinakili kwenye kaseti akaja nazo nyumbani. Moja ilinaswa kwenye ukumbi mkubwa, na kuna mzee wa mbele anayemhimiza kila anapovuta pumzi. Nyingine ilinaswa na shabiki aliyekuwa akiwasha mashine Mpangaji anapopiga na kuizima anapomaliza, hivyo husikii mtu akipiga makofi wala akiagiza kinywaji. Hiyo dada aliiita kanda ya bahili, na hakuiweka zaidi ya mara mbili. Aliyoipenda kuliko zote ilitoka kwenye kilabu kidogo, usiku wa baridi. Mle ndani watu wanakohoa, viti vinaburutwa, mama mmoja anacheka pasipo na kichekesho, na katikati ya wimbo wa mbio sinia la glasi linaanguka. Mpangaji hasimami. Analijibu lile sinia kwa saksafoni yake, na ukumbi mzima unapiga kelele. Mimi si mtu wa jazi, lakini pale hata mimi nilikuwa nikitabasamu.

Nthoki alifunga ndoa takatifu na Bwana Munyoki Matheka, dereva wa lori, tarehe 17 Desemba 1983. Mwaka 1984 walihamia mtaa wa Umoja wakiwa na vyumba viwili, wakaongeza vingine vya kupangisha kidogo kidogo mpaka nyumba ikafika barabarani, na chumba cha mbele wakampangisha Hikma, ambaye mpaka leo ana duka hapo. Mungu aliwajalia watoto wawili, Kiema na Mutheu. Shemeji akirudi safari alikuwa akiketi kwenye kochi na kusinzia kabla chai haijapoa, na dada alikuwa akimtikisa bega. "Baba Kiema, amka, sinia linaanguka." Alikuwa akiamka, anasikiliza sinia, kisha analala tena. Hiyo ndiyo ndoa niliyoiona mimi, na sijaona nyingine nzuri kuliko hiyo.

Jumatatu tarehe 3 Februari mwaka huu alianguka jikoni. Alikuwa amepata kiharusi. Alilazwa majuma matatu, akarudi nyumbani upande wa kulia hauna nguvu na maneno yameondoka. Akili ilikuwepo. Ungeiona machoni. Siku ya pili alinyoosha mkono wa kushoto akaonyesha redio ya kaseti, nasi tukafurahi sana kwamba ameomba kitu tunachoweza kumpa. Shemeji aliweka ile kanda ya kilabu. Redio hiyo ilikuwa haijatumika muda mrefu, ikaitafuna kanda mbele ya macho yake. Shemeji aliivuta polepole kwa penseli. Fundi mmoja wa Kariobangi, kijana anayeitwa Saif, aliiunga vizuri kadiri ya uwezo wake, lakini ilipopigwa ilisikika kama mtu anayeimba ndani ya mtungi.

Kiema akasema hakuna shida, kila kitu kiko kwenye simu. Ni kweli aliipata, usiku ule ule, kilabu kile kile, wimbo ule ule. Akanunua na spika ili mama asikie vizuri. Dada alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa mkono. Hapana.

"Mathe, ni hii hii," Kiema alimwambia. "Ni vile wameisafisha tu. Wametoa makelele yote, saa hii iko safi."

Alitikisa mkono tena. Tukamwekea nyingine, akakataa. Tukapandisha sauti, tukapunguza, tukasogeza spika karibu na kitanda, tukaiweka mbali. Mutheu alileta picha za wajukuu akidhani labda anawataka wao. Nilimwekea nyimbo za kanisani, akanitazama vile alivyokuwa akinitazama utotoni nikimwibia soksi. Shemeji alikaa kwenye ukingo wa kitanda akamuuliza, "Unataka nini, Nthoki? Niambie hata kwa jicho." Alijaribu. Mdomo ulifunguka, ikatoka sauti isiyo na neno, na machozi yakamshuka. Sijui kitu kibaya kama kuombwa na mtu unayempenda, na usijue anaomba nini. Shemeji alitoka nje akasimama uani akishika kamba ya nguo.

Wakati huo huo tulikuwa tumeinyamazisha nyumba. Daktari alisema apumzike, nasi tukafanya vile wagonjwa hufanyiwa kila mahali. Watoto wa ploti walipelekwa kucheza upande mwingine. Wageni walisalimiwa mlangoni na kuombwa warudi siku nyingine. Dirisha la barabarani lilifungwa, na Hikma akahamisha benchi la dukani ili wateja wasizungumze karibu. Kila tulivyozidi kunyamaza ndivyo dada alivyozidi kugeukia ukuta, nasi tukasema amechoka, tukazidisha kunyamaza.

Alhamisi tarehe 27 Machi Hikma alileta uji akiwa na akina mama wawili waliokimbia mvua kutoka dukani. Ile kanda iliyosafishwa ilikuwa ikilia kwenye spika ya Kiema. Akina mama walikaa sebuleni, wakasahau, wakaanza kuzungumza habari za harusi moja ya Eastleigh iliyovunjika, na mmoja akagonga kikombe chini. Hikma alichungulia chumbani. Nthoki alikuwa ameugeukia mlango, macho wazi, na vidole vya mkono wa kushoto vinapiga blanketi. Hikma akaona haya. "Punguzeni sauti jamani, mama anaumwa," akawaambia, akaufunga mlango taratibu. Baada ya muda ikasikika sauti ya kuguna huko ndani. Walidhani ni maumivu, wakamwita shemeji, akampa dawa.

Dada yetu alituacha Jumamosi tarehe 29 Machi, saa nne asubuhi, nyumba ikiwa kimya kabisa.

Hikma alitusimulia haya Jumatatu kwenye matanga, akilia. Aliposema vidole, shemeji aliinua kichwa. "Ni watu alikuwa anataka," akasema. "Muziki alikuwa nao. Alitaka watu, na mimi niliwarudisha mlangoni." Nilimwambia sote tulifanya tulichojua. Huenda hata hapa tunakosea. Aliye na jibu ndiye huyu tunayemzika.

Marehemu ameacha mume, Bwana Munyoki Matheka, watoto wake Kiema na Mutheu, mkamwana Amino na mkwe Sylvance, wajukuu watatu, mimi Kaluki na ndugu zetu, jirani yake Hikma, ambaye tunamhesabu kwenye orodha hii bila kuomba radhi, na wapangaji wote wa ploti.

Baada ya sala ya mwisho, jeneza likishuka, Kiema atapiga ule wimbo wa kilabu kwenye vipaza sauti. Ni huo huo uliosafishwa, hatukupata mwingine. Mchungaji amekubali, ingawa ilibidi tumbembeleze. Kamati ilikuwa imeandika kwenye ratiba kwamba tusimame kimya kwa heshima. Shemeji ameuchukua mstari huo akaukata kwa kalamu, nanyi mlio na ratiba mkononi mtaona. Familia inaomba msinyamaze. Mwenye kikohozi akohoe. Mwenye habari ya jirani yake amwambie hapo hapo alipo. Viti viburutwe, chai imiminwe, mtoto akilia asipelekwe mbali. Ongeeni kwa sauti yenu ya kawaida, mpaka wimbo uishe.

Nthoki wetu, Mungu akupe pumziko. Watu wamekuja.