Zizi la Mama Nirodbala

Ndugu, majirani na wageni mliotusindikiza hadi hapa ukingoni mwa mto, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya mama yetu mkubwa, Nirodbala Maiti.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Februari 1941 katika kijiji cha Palashgachhi, binti wa mkulima wa tambuu Abinash Jana, akasoma hapo hapo hadi darasa la nne, na tarehe 2 Desemba 1958 akaolewa na Gopesh Maiti wa hapa Kajolghat, wakajaliwa watoto wawili, Minoti na Tarapada.

Mumewe alipofariki mwaka 1983, marehemu alikabidhiwa funguo za nyumba kubwa ya mtoni, alikozaliwa Mwandishi, yule mtunzi wa vitabu anayejulikana hadi Kolkata, kama tulivyokuwa tukisema sote, akawa anafagia, anapangusa kile kitanda cha msaji ambacho wageni wa Kolkata walikuwa wakikigusa kisha wakigusa paji la uso kwa heshima, na kwa kazi hiyo, pamoja na maziwa ya ng'ombe wake, akawasomesha wanawe.

Agosti 2002 mto uliimeza nyumba ile, kitanda na vyote, kijiji kikawa kama kimefiwa, maana tulikuwa tumeahidiwa maktaba mahali alipozaliwa Mwandishi, na mahali penyewe pamekwenda na maji. Marehemu alimkuta mwenyekiti wa kamati ya maktaba, Mwalimu Bhabatosh, akilia ukingoni, akamwambia, "Shemeji, futa machozi, kwani pale alizaliwa nani? Enzi zile mzazi alikuwa analazwa kitandani kwa baba mkwe? Si alitolewa uani, kibandani, mpaka unajisi wa uzazi uishe?" Mwalimu akauliza kibanda kilikuwa wapi, na akina mama wote wakanyoosha mkono kwenye zizi la marehemu, wakamtania, "Kwani uliwahi kutuuliza? Miaka yote mnakipigia magoti kitanda!" Mwalimu akacheka huku machozi yakimtoka, akasema hata yeye alizaliwa kwenye kibanda kama hicho, akasahau.

Lakini zizi lile ndilo lililokuwa ardhi pekee iliyombakia marehemu mbali na maji, na alikuwa amemwahidi Tarapada, ambaye tayari alikuwa na mchumba, kumjengea chumba hapo. Hakuna aliyemshurutisha kulitoa kwa ajili ya maktaba. Siku chache baadaye akamhamishia ng'ombe barazani, akasema, "Mwanangu, nisamehe, chumba chako hakipo tena." Chumba kilipatikana, kwani jirani yetu Moksed Ali alimkatia Tarapada kipande cha shamba lake la migomba, na humo ndimo marehemu alimouguzwa alipoanza kusumbuliwa na figo mwaka 2017, na humo alifariki alfajiri ya tarehe 9 Januari 2019, akiwa ameomba na kulambishwa sukari guru ya mtende ya msimu mpya.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya wilaya, kamati ya maktaba, wenzake wa kufagia, na zaidi ya wote watu wa nyumba ya Moksed, ambao hatuna cha kuwalipa.

Asubuhi hii, tukimleta hapa, wabebaji walisimama wenyewe mbele ya maktaba, wakamshusha kidogo, na wageni wawili waliokuja kuona alipozaliwa Mwandishi wakavua viatu, wakauliza huyu ni nani. Tarapada akawajibu, "Mwenye kiwanja."

Pumzika kwa amani, mama, umetuachia mahali.