Dada Yetu, Aliyesindikiza Wageni wa Watoto

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi watoto mliokaa mbele: mimi ni mdogo wa mwisho wa marehemu. Nimepewa kazi ya kusoma kwa sababu, kama alivyozoea kusema mwenyewe, nina mdomo. Basi nisikilizeni.

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, wa kwanza kati ya watoto sita, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ambako baba alikuwa karani. Mama alisimulia kwamba hakulia alipozaliwa. Mkunga alimgeuza, akampiga kofi, wapi! Mtoto alikodolea macho mlango uliokuwa wazi, kama anayesubiri mtu amalize kuingia. Alilia pale tu mlango ulipofungwa.

Alisoma shule ya msingi mtaani kwetu, akamaliza sekondari ya wasichana mwaka 1978 na chuo cha ualimu mwaka 1981. Alifundisha miaka minane, na nusu ya miaka hiyo aliimalizia ofisini kwa mwalimu mkuu akijieleza kwa nini hashiki fimbo. "Mtoto anayerusha madaftari hana wazimu," alisema. "Ana mgeni, na hakuna aliyemwambia karibu." Mwalimu mkuu akamjibu kwamba mgeni huyo basi ahamie nyumbani kwa dada. Mwaka 1989 dada akaacha chaki, akaenda kusomea ushauri nasaha wa watoto na familia.

Ndoa yake ilianzia kwenye kiti. Mwaka 1992, alipopewa chumba namba sita pale zahanati, alikwenda kwa fundi seremala akaagiza kiti kimoja imara. Fundi akauliza, "Mkaaji ana kimo gani?" Dada akajibu, "Sijui. Ni hasira ya mtoto wa miaka sita." Fundi akauweka msumeno chini. "Basi nikifanye kipana," akasema. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1993, wakajaliwa watoto wawili.

Kazi yake wengi hapa mnaijua, maana mlipitia mikononi mwake. Hisia kubwa ni mgeni, aliwaambia watoto. Ukimfungia mlango atapitia dirishani. Kwa hiyo mtoto alimkaribisha: "Karibu, Hasira, keti." Au Woga, au Huzuni. Kile kiti kikaachwa kitupu kwa ajili yake. Mtoto akamuuliza ametoka wapi, anataka nini, na wazazi wakakaa kimya wasikie. Baba mmoja aliyekuja kulalamikia mwanawe wa miaka kumi na tano, mvunja milango, alijikuta akilia yeye. Kijana akasema, "Mama mshauri, huyu wa kwetu si mgeni, kashahamia." Dada akamjibu, "Siku ya tatu mpe jembe!" Wakacheka wote watatu, kwa mara ya kwanza mwaka ule.

Lakini sharti kubwa lilikuwa la mwisho. Mgeni aliyekaribishwa lazima asindikizwe. Mtoto alimtoa chumbani, akapita naye ukumbini mpaka getini, akampa mkono, akarudi bila kugeuka. "Na usivuke geti," dada aliwaonya. "Msindikizaji haendi mpaka kwa mgeni."

Kiti kile shemeji amekikaza miguu mara nne. Muulizeni, yupo hapa. Mbao anazijua, na kiti kisichokaliwa na mtu hakilegei. Mfagizi wa zahanati naye alikuwa akikiamkia kila asubuhi kabla ya kukifuta, na hakuwa mtu wa mzaha.

Juni mwaka huu miguu yake ilianza kuvimba. Daktari alisema moyo umepanuka, umekuwa mkubwa kuliko nafasi yake. Wakati huohuo akaanza kusema "karibu" katikati ya chakula, wala hakuna aliyebisha hodi. Shemeji alipomuuliza anamkaribisha nani, alijibu, "Wale ambao hawakusindikizwa." Kuna wazazi waliowatoa watoto wao kabla ya kumaliza, akasema, na wageni wao wakabaki naye.

Mmoja wa wazazi hao ni mimi. Nimeliandika hili kwenye karatasi zenu ili nisipate pa kukimbilia. Binti yangu ana miaka tisa. Baba yake alifariki Februari, na Machi dada akaanza kukaa naye kila Jumatano. Jumatano ya tatu, tarehe 20, mtoto alipiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwa kiumbe. Nikashindwa. Nikambeba, nikaondoka. Tangu siku ile hajasema neno, nami nikawatangazia watu kwamba ametulia. Ametulia nini! Dada alinipigia simu kila wiki: "Mlete mara moja tu, amsindikize." Nikamwambia wiki ijayo. Nikamwambia wiki ijayo.

Alifariki Alhamisi, tarehe 17 Oktoba 2024, saa tisa alasiri, shemeji akiwa amemshika mkono. Neno lake la mwisho lilikuwa "Karibuni." Wodini, mbali na yeye, mlikuwa na watu wawili tu, shemeji na nesi. Nesi anasema alijikuta amesogea ukutani, akipisha, na hajui alikuwa anampisha nani.

Ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja, wadogo zake watano, watoto wa mji huu wasiohesabika, na kiti kimoja.

Wenye karatasi, kwenu imeishia hapo. Haya nimeyaandika kwa kalamu, leo asubuhi.

Tulikwenda chumba namba sita kuchukua miwani yake. Binti yangu aliniachia mkono, akasimama mbele ya kiti. Mto wa kiti ukainuka polepole, kama unavyoinuka mtu anapoondoka. Semeni ni macho ya kilio, sitabishana. Akatoka ukumbini, mkono wake umeinuliwa juu kana kwamba umeshikwa na mtu mrefu. Getini akasimama, akatoa mkono, akarudi. Hakugeuka. Mimi ndiye niliyeanza kukimbia kwenda kule nje, nikiita jina la dada yangu.

"Mama," akasema, "usivuke."

Miezi saba, ndugu zangu. Nilipiga magoti palepale kwenye sakafu. Akanifuta machozi kwa kanga yangu, akaniambia kwa sauti yake ileile ninayoijua, "Mama mkubwa alikuwa anamngoja. Huyu ndiye aliyekuwa amebaki."

Dada, sisi tumekufikisha. Mkono wetu huu hapa. Pumzika, wageni wamekwisha.

Na ninyi nyote, tutakapofunika udongo na kuondoka, nawaomba kitu kimoja: tusigeuke.