Setelaiti Haijaapishwa

Mheshimiwa Mkurugenzi, wakubwa wa wizara mliokaa mbele, wataalamu wangu wa picha, mafundi, na wewe mama watoto uliyenionya nisiongee sana: nawasalimu nyote kwa heshima zenu. Nina miaka sabini na moja. Nimezika manahodha wawili, nimechosha injini nne, na setelaiti mbili zimekufa huko juu mimi nikiwa mzima hapa chini. Nani mwingine humu anaweza kusema hivyo?

Shule sikukaa, ilikuwa inanichelewesha. Ila chombo chetu cha baharini cha kuchotea maji ya vipimo nimekiendesha kuliko yeyote. Leo mnaniaga, na tangazo hapo mlangoni linasema chombo nacho kitauzwa, eti setelaiti mpya inaona kila kitu. Nimelisoma mwenyewe, polepole, na keki yenu nimeiacha.

Setelaiti naiheshimu. Inapima joto la bahari nzima kabla sijavaa viatu, na kwa rangi ya maji inajua wapi vijimea, vile vya baharini visivyoonekana kwa jicho, vimestawi. Penye vijimea, samaki hawako mbali. Lakini mwaka ule wa mafuriko, picha ilionyesha mdomo wa mto umejaa vijimea tele. Nikamwambia daktari wa picha, huyu tunayemwita Bi Rangi, "Mwanangu, hilo ni tope."

"Baba, setelaiti haina makengeza."

"Makengeza haina, na ulimi haina. Twende ukaonje."

Alikuja. Alitapika njia nzima, huku akinitukana kwa adabu. Tukachota, akachuja, na karatasi ya kuchujia ikatoka rangi ya chai badala ya kijani. Je, alinuna? Hata kidogo. Aliketi na hesabu zake akaifundisha setelaiti kutenga tope na uhai, kazi ambayo mimi nisingeiweza hata mngenifunga kwenye kiti. Ninyi mnaiita uhakiki. Mimi naiita kuapisha. Shahidi asiyeapa hasikilizwi barazani. Sasa hii mpya, nani ameiapisha, na kwa maji gani, kama chombo kimeuzwa?

Basi, Mheshimiwa, ufunguo wa injini ninao mfukoni, na kwa dalali hauendi. Anayeutaka aje, aahidi mbele yenu kwamba kesho chombo kinakwenda baharini kuchota.

Bi Rangi, mbona umesimama? Unaahidi? Haya, mwanangu, wote wamekusikia, pokea. Na dawa ya kichefuchefu uimeze mapema.

Mwenye shaka na niliyosema amuulize fundi injini, yule pale nyuma, aliyeshika ndoo siku ile; au mke wangu, ambaye hajawahi kunisifu bure. Asanteni kwa kunitegea masikio.